Selimundu: mnaosambaza "DAWA IMEPATIKANA" someni hapa kwanza (uzi mrefu)

Fundi Darubini (mwanzisha uzi)

Wakuu habari za saa hizi.

Kila baada ya muda kwenye magrupu ya WhatsApp naletewa picha ya yule mama wa Kimarekani na maandishi makubwa DAWA YA SELIMUNDU IMEPATIKANA, alafu chini kuna namba ya simu ya mtu anauza unga wa mizizi. Mi ni mtu wa maabara huku kanda ya ziwa, hizi damu nimekaa nazo muda mrefu, leo niko ofu kwaiyo acha niandike kipi cha kweli na kipi ni biashara ya watu.

Cha kweli kipo. Yule mama anaitwa Victoria Gray, wa Mississippi. Mwaka 2019 alikuwa mgonjwa wa kwanza wa selimundu (siko seli) Marekani kutibiwa kwa CRISPR, ule mkasi wa kuhariri jeni, pale Nashville. Novemba 2023 Uingereza wakawa wa kwanza duniani kuidhinisha hiyo tiba, jina lake Casgevy, na tarehe 8 Desemba Marekani nao wakapitisha, siku hiyo hiyo wakapitisha na nyingine inaitwa Lyfgenia. Kwenye majaribio ya Casgevy, watu 29 kati ya 31 waliofuatiliwa muda wa kutosha walikaa miezi 12 mfululizo au zaidi bila kupata lile shambulio kali la maumivu. Hawa ni watu ambao kabla ya hapo walikuwa wanalazwa kila mara. Hiyo si porojo.

Sasa bei yake. Casgevy ilitangazwa dola milioni 2.2 kwa mtu mmoja, yaani zaidi ya bilioni 5 za kwetu. Lyfgenia dola milioni 3.1. Na bei ndo shida ndogo. Wanakuvuna chembe mama za damu kwa mashine, zinapelekwa kiwandani zikahaririwe, unasubiri miezi, alafu unarudi hospitali unapigwa kemo kali ya busulfani ili uloto wako wa zamani (ule wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu) ufe kabisa nafasi ipatikane, ndo unarudishiwa zile zako zilizohaririwa. Unakaa wodini wiki kadhaa huna kinga. Hiyo kemo inaweza kukunyima uwezo wa kuzaa. Na Lyfgenia imewekewa onyo kubwa kabisa kwenye karatasi yake, kwamba kuna hatari ya saratani ya damu. Kwaiyo anayekwambia ni sindano moja unarudi nyumbani jioni, muulize vizuri.

Ila kilichonifanya niandike ni hiki, watu wengi hawajui hiyo Casgevy inafanya nini. Wengi wanadhani wanaenda kurekebisha lile kosa la kwenye jeni. HAPANA. Kosa wanaliacha pale pale lilipo.

Ngoja nieleze. Hemoglobini ndo inabeba oksijeni ndani ya chembe nyekundu. Mwaka 1949 Linus Pauling na wenzake walionyesha kwamba hemoglobini ya mgonjwa wa selimundu ni tofauti na ya mtu mzima wa afya, kwa mara ya kwanza ugonjwa ukaelezwa kwa kosa la molekuli. Miaka ya katikati ya 50 Vernon Ingram pale Cambridge akapata tofauti yenyewe, kwenye mnyororo wa beta nafasi ya 6 panatakiwa pakae tofali la protini linaloitwa asidi ya glutamiki, limekaa jingine linaitwa valini. Basi. Kitu kimoja tu. Hiyo valini inafanya hemoglobini zikishaachia oksijeni zishikane zenyewe kwa zenyewe, zinajipanga nyuzi ndefu ngumu, chembe inajikunja inakuwa umbo la mundu, haipiti kwenye vimishipa vyembamba. Panapoziba ndo maumivu. Alafu chembe zenyewe zinakufa mapema, badala ya kuishi siku kama 120 zinaishi kati ya 10 na 20, ndo maana damu iko chini muda wote na macho ya njano.

Sasa mtoto akiwa tumboni hatumii hiyo hemoglobini, anatumia ya kichanga, maabara tunaiita HbF, na hiyo haikubali kuingia kwenye zile nyuzi. Ndo sababu mtoto mwenye selimundu anazaliwa mzima kabisa, ananyonya, ananenepa, alafu kuanzia kama miezi sita mnaanza kuona vidole vya mikono na miguu vinavimba, analia hamjui analia nini. Daktari mmoja New York, Janet Watson, aliliona hilo mwaka 1948. Na kuna watu wachache, wengi wao mashariki ya Saudi Arabia, wana selimundu lakini HbF yao haishuki sana ukubwani, na wao ugonjwa unakuwa mwepesi. Hapo wanasayansi wakajiuliza nani anazima HbF. Jibu likaja 2008, kuna jeni inaitwa BCL11A, ndo swichi.

Casgevy inakata kipande kinachoiwasha BCL11A ndani ya chembe zinazotengeneza damu. Swichi haizimi tena, HbF inarudi. Mtu mzima anatembea na hemoglobini ya kichanga. Mwisho.

Na sasa ndo nakuja kwenye nilichotaka kusema tangu mwanzo. Kuna kidonge kinapandisha HbF hiyo hiyo, si kwa kiwango kile, ila kinaipandisha, kipo tangu zamani, Marekani kiliidhinishwa kwa selimundu mwaka 1998. Haidroksiyurea. Utafiti wa watu wazima wa 1995 ulionyesha kinapunguza mashambulizi ya maumivu kama nusu hivi. Na watoto wetu wengi hawakipati, na wanaoandikiwa wengine wanakiacha. Tunajadili bilioni 5 za Nashville wakati kidonge kipo kabatini.

Karibuni.

---

Kobe la Mjini

Nimeweka kambi hapa, endelea kutiririka mkuu

---

mama Nurdin

Asante kaka kwa uzi. Mimi niko Tanga, mwanangu wa pili ana siko seli, ana miaka saba. Kliniki wamemwandikia hiyo hiyo haidroksiyurea lakini wifi yangu alienda kusoma akaniambia ni dawa ya kansa, nikimpa mtoto itamla damu na akikua hazai. Na jirani ananiambia itashusha kinga atakufa na malaria. Nimenunua boksi liko ndani sijampa. Naomba mnieleze ukweli jamani maana nalala sipati usingizi.

---

Fundi Darubini

mama Nurdin pole sana na hongera kwa kuuliza.

Wifi yako hajadanganya kwamba inatumika kwenye baadhi ya saratani za damu, ni kweli. Lakini dawa moja kufanya kazi mbili ni kawaida, na dozi na namna ya kufuatilia ni tofauti. Inaweza kushusha chembe nyeupe na chembe sahani, hilo ni kweli pia, ndo maana lazima apimwe FBP (kipimo cha kuhesabu chembe za damu) kabla ya kuanza na baada ya hapo mara kwa mara. Zikishuka wanasimamisha kidogo zinapanda, wanaendelea. Kumpa mtoto bila kupima damu ndo kosa, dawa yenyewe haina ugomvi na mtu.

Hilo la malaria limefanyiwa kazi na limefanyiwa huku kwetu. Walichukua watoto 606 Luanda, Kinshasa, Kilifi na Mbale, utafiti unaitwa REACH, ukatoka kwenye jarida la udaktari la New England mwaka 2019. Kabla ya dawa malaria ilikuwa mara 46.9 kwa kila watoto 100 kwa mwaka, wakiwa kwenye dawa 22.9. Maumivu kutoka 98.3 hadi 44.6. Kuongezewa damu kutoka 43.3 hadi 14.2. Vifo kutoka 3.6 hadi 1.1. Soma tena hiyo ya vifo.

Suala la kuzaa, kwa wavulana inaweza kupunguza mbegu wakati anatumia, na hilo zungumza na daktari wake wazi wazi, usione aibu. Ila ugonjwa wenyewe ukiachwa nao unaharibu huko huko.

Usianze mwenyewe kutoka kwenye hilo boksi. Nenda nalo kliniki, waambie sikumpa kwa sababu hizi na hizi, wapime damu kwanza.

---

Mchumi Mkavu

Mkuu uzi mzuri ila umetuuzia kitu nusu nusu. Hiyo REACH haikuwa na kundi la kulinganisha. Walifuatilia watoto miezi miwili kabla ya dawa alafu wakawapa WOTE dawa. Mtoto akiingia kwenye utafiti anaonwa na daktari kila mwezi, mama anaelekezwa, akiwa na homa anakimbizwa. Wewe unajuaje kilichopunguza malaria ni kidonge na si hiyo huduma? Mi si mpinga dawa, mi mpinga hesabu mbovu.

---

Fundi Darubini

Swali zuri na ndo aina ya ubishi ninaoupenda.

Kabla ya REACH kulikuwa na NOHARM, Kampala pale Mulago, ulitoka 2017. Watoto 208, nusu dawa nusu kidonge bandia, wazazi hawajui nani kapewa nini na madaktari hawajui. Swali lilikuwa moja tu, je dawa inaongeza malaria? Haikuongeza, makundi yote mawili malaria ilikuwa chache na karibu sawa. Kwaiyo nikitenganisha: kwamba haiongezi malaria, hapo simama kwa miguu miwili. Kwamba inapunguza malaria, hapo una haki ya kukuna kichwa, hoja yako inasimama.

Ila maumivu na kuongezewa damu mkuu, hizo zina tafiti za kulinganisha kuanzia hiyo ya 1995. Na Kampala hapo hapo wakafanya nyingine 2020, dozi ya kudumu dhidi ya dozi inayopandishwa taratibu mpaka kiwango mwili unachostahimili, wote wanatumia dawa ila hawajui wako kundi gani. Waliopandishiwa walifanya vizuri zaidi waziwazi mpaka utafiti ukasimamishwa kabla ya muda wake. Hili la dozi huku kwetu halizungumzwi kabisa, mtoto anaanzishwa kidonge kimoja akiwa na kilo 15 anakuja kufika kilo 28 bado yuko kidonge kile kile alafu mama anasema dawa haifanyi kazi.

---

Sista wa Zamu

Hapo kwenye dozi umenigusa. Niko wodi ya watoto, sitasema wapi. Mambo mawili naomba niyaweke maana wote mmeenda kwenye jeni mkasahau kinachoua.

Moja ni HOMA. Bandama ya hawa watoto inaharibika mapema sana, na bandama ndo inachuja wale bakteria kwenye damu. Kwaiyo homa kwa mtoto wa selimundu sio ya kumpa panado ukalale uone kesho. Ni ya leo leo, usiku huo huo. Tunaletewa watoto siku ya tatu, wamepitia duka la dawa mara mbili, wanafika hawazungumzi. Inauma maana dawa yake tunayo.

Kinga yake ni penisilini V, mara mbili kwa siku, mpaka angalau atimize miaka mitano. Mwaka 1986 Marekani walifanya utafiti wa kulinganisha, maambukizi makali yakapungua kwa asilimia 84, wakaona ni dhambi kuendelea kuwapa wengine kidonge bandia wakausimamisha. 1986! Kuna kituo kimoja nilifanya kazi zamani, wazazi walikuwa wanaambiwa penisilini haina haja kama mtoto haumwi. Nilibishana mpaka nikaitwa ofisini. Na chanjo ya nimonia mtoto amalize zote.

Mbili, mama ujifunze kushika bandama. Chini ya mbavu kushoto. Ikivimba ghafla na mtoto amepauka hiyo ni dharura, damu yote imekwama humo. Mwombe nesi akuonyeshe, ni dakika mbili.

---

Tabibu Asilia Mkombozi

Ndugu zangu mnateseka bure wazungu wanawaficha. Nina dawa ya miti shamba inageuza SS (mgonjwa) kuwa AA (asiye na selimundu kabisa) ndani ya siku 90, wateja wangu wamepima wenyewe. Njoo inbox.

---

Kobe la Mjini

Huyu hapa kafika 😂😂 nilikuwa najiuliza mbona amechelewa

---

Fundi Darubini

Mkuu Mkombozi, SS kuwa AA haiwezekani hata kwa hiyo tiba ya bilioni 5. Aliyetibiwa kwa Casgevy ukimpima bado unaiona S, yaani hemoglobini ya selimundu, ila F, ile ya kichanga, imejaa. Labda apandikiziwe uloto wa mtu mwingine.

Na nitawaambia hao "wateja wamepima wenyewe" wanapatikanaje, maana nimeshakutana nao dirishani. Mtoto ameongezewa damu ya watu, wiki mbili baadaye anapimwa elektroforesisi (kipimo kinachotenganisha aina za hemoglobini), inaonekana A nyingi, yaani ile ya kawaida, kwa sababu ni damu aliyochangiwa. Mzazi anashangilia amepona. Ndo maana sisi tunauliza ameongezewa damu lini, na kama ni karibuni tunasema subiri kama miezi mitatu. Mtu wa mizizi yeye haulizi.

Simdharau mtu wa mimea. Nigeria walikuwa na mchanganyiko wa mimea unaitwa Niprisan, ukapelekwa kwenye taasisi yao ya utafiti wa dawa, ukafanyiwa majaribio kwa watu, hadharani. Peleka na wewe yako.

---

Omosh wa Bahari

Wadau salama. Mimi ni mtu wa Kisumu ila nafanya kazi Kilifi, na mimi ni AS, yaani nimebeba S moja tu, siumwi. Nimeskia hiyo story tangu shule ati sisi AS malaria haitugusi, na ni kweli nimeshikwa mara chache sana kuliko wenzangu. Hii kitu ni kweli ama ni hadithi za vijiweni?

---

Fundi Darubini

Omosh ni kweli, na stori yake ni ya huko huko kwenu. Anthony Allison alizaliwa Afrika Kusini akakulia Kenya. Alipozunguka kupima damu akakuta watu wa pwani na wa kandokando ya Ziwa Victoria wengi wana AS, waliopo nyanda za juu wachache sana. Ukiweka juu yake ramani ya malaria zinalingana. Akachapisha 1954. Bundibugyo kule Uganda kati ya Waamba ilishapimwa AS karibu asilimia 45, karibu nusu ya watu! Na hapo Kilifi unapofanya kazi ndo walikuja kupima vizuri, AS inakukinga na malaria KALI kwa kama asilimia 90. Sio kwamba huumwi, unaumwa, ila ni nadra ikupeleke kwenye kupoteza fahamu na degedege.

Alafu kuna kitu kipya kidogo. Wamesoma jeni za vimelea vyenyewe kutoka kwa watoto wa Kenya na Gambia waliolazwa na malaria kali, ilitoka kwenye jarida la sayansi la Nature. Wakakuta kwamba wale wachache wenye S ambao malaria iliwapata vibaya, wengi walikuwa na vimelea vya aina maalumu, vyenye mabadiliko sehemu tatu za jeni, na vimelea hivyo ni vingi Afrika kuliko kwingine. Maana yake mdudu naye amejifunza. Usilale bila neti kaka.

---

Omosh wa Bahari

Duh. Kumbe hata kimelea kinasoma. Neti nitarudisha leo.

---

Bint Matrah

Assalaam alaykum. Nawasoma kutoka Maskat, sisi asili yetu Unguja. Huku Oman siko seli ipo sana, si jambo la Afrika peke yake, na watu walikuwa wakibishana imetoka wapi. Walipochunguza vinasaba vilivyoizunguka ile jeni kwa wagonjwa wa Oman wakakuta aina tatu zimechanganyika, ya Benin ndiyo nyingi, kisha ya Kiarabu na Kihindi, kisha ya Kibantu ambayo ndiyo ya huko kwenu. Yaani safari zote za majahazi zimo ndani ya damu. Ile nyepesi aliyoitaja ndugu mwenye uzi ni hiyo ya Kiarabu na Kihindi, lakini sisi wengi hatuna hiyo, na mtoto wa dada yangu anateseka kama wa Tanga.

Saudia tangu 2004 huwezi kufunga ndoa bila kupima. Hawakukatazi kuoana, wanakupa majibu mkae mfikiri. Mimi naona huko nyumbani ingefaa, au mnaonaje?

---

Shemeji Mtu

Wa alaykum salaam dada. Kupima kabla ya ndoa mi naunga mkono ila ujue kwetu majibu yanageuka silaha. Kaka yangu na mkewe wana watoto wawili wenye selimundu, na mama yetu mzazi (Mungu anisamehe) kila siku anasema ni damu ya ukoo wa yule mwanamke. Wakati kaka mwenyewe hajawahi kupima na hataki.

---

Sista wa Zamu

Mwambie bi mkubwa kwa heshima zote, mtoto hawezi kuwa SS bila S moja ya baba. Haiwezekani. Labda baba awe mwingine, na hapo atakuwa amefungua kesi nyingine kabisa 😅

Na watu wengine wanahesabu vibaya, wanaambiwa robo wanadhani ukishazaa mgonjwa mmoja basi watatu wanaofuata wako salama. Kila mimba inaanza upya, kila moja ina asilimia 25.

---

Shemeji Mtu

Hii naipiga picha naituma grupu la ukoo, liwalo na liwe.

---

Diaspora Mnyonge

Naomba kuuliza wakuu, niko Uingereza, binamu yangu alikuwa anatumia Oxbryta, dawa ya selimundu, na alikuwa anajisikia freshi, damu imepanda, mara ghafla ikaondolewa sokoni. Nini kilitokea? Wengine wanasema ni njama.

---

Mchumi Mkavu

Hii naijua. Pfizer walinunua ile kampuni iliyoitengeneza 2022 kwa dola bilioni 5.4 kwa ajili ya hiyo dawa hasa, kwaiyo njama ya kujitia hasara yenyewe ni njama ya ajabu. Septemba 2024 wakaiondoa dunia nzima kwa sababu takwimu za majaribio yaliyoendelea zilionyesha mashambulizi ya maumivu na vifo vimeegemea upande wa waliopewa dawa.

Tatizo ni kwamba mwaka 2019 ilipitishwa kwa njia ya haraka, kigezo kilikuwa kiwango cha hemoglobini kupanda. Na ilipanda kweli! Lakini mgonjwa anachotaka si namba kupanda, anataka asiumwe asife. Dawa nyingine ya selimundu, ile ya sindano, Adakveo, ilipitishwa mwezi huo huo Novemba 2019, Ulaya wakaifutia kibali 2023 baada ya jaribio kubwa kuonyesha haizidi kidonge bandia. Ndo maana nilimbana mwenye uzi kuhusu REACH. Haya mambo ya "damu imepanda" yameshatuumiza.

---

Fundi Darubini

Nakazia kila neno. Binamu arudi kwa daktari wake kama hajabadilishiwa.

Sasa nije kwenye eneo langu, maana hasira zangu ziko hapa. KIPIMO.

Sehemu nyingi bado tunategemea sikling, ile ya kuweka tone la damu na kemikali ya kunyonya oksijeni chini ya kioo unasubiri zijikunje. Kile kipimo kinakwambia S ipo au haipo. Hakikwambii AS au SS! Na kwa kichanga ndo hovyo kabisa, kwa sababu F imejaa S bado kidogo, unaweza kuandika hasi mtoto ni SS. Mama anaondoka na karatasi ya hasi mkononi, mtoto akianza kuumwa kila mtu anasema si alipimwa. Hiyo karatasi imeua watoto.

Waganda walifanya kitu cha akili sana. Walikuwa tayari wana mfumo wa kukusanya matone ya damu kavu kwenye karatasi kutoka kwa vichanga nchi nzima kwa ajili ya kupima VVU. Wakachukua matone yale yale yaliyobaki maabara kuu, sampuli karibu laki moja, wakapima selimundu. Matokeo yalitoka 2016, AS asilimia 13.3, wagonjwa asilimia 0.7, na wilaya kwa wilaya wakajua wapi pa kuanzia. Hawakujenga chochote kipya.

Na siku hizi kuna vipimo vidogo kama kile cha malaria, HemoTypeSC na Sickle SCAN, tone la kisigino, dakika chache una jibu AA, AS au SS, hata kwa kichanga, hauhitaji umeme. Tanzania inakadiriwa watoto kama 11,000 wanazaliwa na selimundu kila mwaka, tuko kwenye nchi chache za juu duniani baada ya Nigeria, Kongo na India. Muhimbili wanafuatilia wagonjwa tangu 2004 chini ya Profesa Julie Makani na wenzake, ni moja ya kumbukumbu kubwa za ugonjwa huu duniani. Bugando walifanya utafiti wa kupima kasi ya damu kichwani kwa mashine ya mawimbi ya sauti, wakikuta inakimbia sana waliwapa watoto haidroksiyurea kabla kiharusi hakijatokea. Utaalamu upo! Kinachokosekana ni lile tone la siku ya kuzaliwa kwenye zahanati.

---

Kobe la Mjini

Mkuu na kupandikiza uloto je? Nasikia Dodoma wanafanya.

---

Fundi Darubini

Ndio, Benjamin Mkapa Dodoma wameanza kwa watoto wa selimundu. Hiyo ni tiba ya kuponya kabisa, ila unahitaji ndugu wa baba mmoja mama mmoja anayelingana naye, na asiwe na selimundu. Uwezekano kila ndugu kulingana ni robo, kwaiyo familia nyingi hazimpati. Na kemo ipo pale pale. Kwa atakayempata mechi, aulizie Dodoma kabla ya kuuza kiwanja aende India.

---

Kijana wa Lubum

Bonjour ba ndugu. Huku kwetu Kongo tunaita SS tu. Mi nina SS, nina miaka 26, nakunywa hidroxi tangu Kinshasa. Niko bien. Nauliza, ile ya CRISPR itakuya kuwa ya bei chini siku moja? Sitaki ile kemo.

---

Fundi Darubini

Kaka wa Lubumbashi, kukuona tu hapa na miaka 26 nimefurahi.

Kwa unachouliza kuna njia mbili zinafanyiwa kazi. Ya kwanza ni kuhariri ndani ya mwili moja kwa moja, unachomwa sindano inayobeba mkasi mpaka kwenye uloto, hakuna kuvuna chembe wala kemo. Taasisi ya afya ya Marekani na Gates walitangaza 2019 dola milioni 200 kwa lengo hilo la tiba za selimundu na VVU zinazoweza kufika Afrika. Bado ni maabara zaidi kuliko wodi.

Ya pili ndo inanisisimua mimi. Kidonge. Julai 2024 watafiti wa Novartis walichapisha kwenye jarida la Science kwamba wamepata molekuli inayoifanya chembe iteketeze protini inaitwa WIZ, mwenzake BCL11A kwenye kuzima HbF. WIZ ikiondoka HbF inapanda. Imefanya kazi kwa panya na nyani. Panya na nyani, narudia, msinikimbizie kwenye magrupu. Ila ikija kufaulu kwa watu hiyo ndo itapanda bodaboda ifike kijijini.

Kwa sasa endelea na hidroxi yako na upime damu.

---

mama Nurdin

Nimewasoma wote. Kesho kutwa ni siku ya kliniki, naenda na boksi. Swali la mwisho, nina kichanga wa wiki tatu, yeye alipimwa ile ya kioo pale alipozaliwa wakaniambia hana. Baba yao na mimi wote ni AS. Nikae na amani?

---

Fundi Darubini

Hapana mama. Hiyo majibu usiihesabu. Nenda naye siku hiyo hiyo ya kliniki ya kaka yake, omba elektroforesisi au kile kipimo cha tone, sema wazi wazazi wote AS na kaka yake ni SS. Wakikwambia hawana, omba rufaa. Usisubiri miezi sita avimbe vidole.

---

Sista wa Zamu

Na akikutwa nayo wakuanzishie penisilini, inatakiwa awe ameanza kabla ya kufika miezi mitatu. Usitoke bila hiyo.